Saa ya kukimbilia Kampala na kupandia Margherita, laki nane inatosha?

MiguuYaEntebbe ameuliza:

Habari zenu wakimbiaji na wapanda milima. Niko Entebbe, nakimbia asubuhi kabla ya kazi, njia yangu ya kawaida tu kuteremka hadi ziwani halafu kurudi kupandisha. Mwezi wa saba tuna kundi la kazini tunapanda Rwenzori kwa njia ya Kilembe mpaka kilele cha Margherita Mungu akijalia, na mwezi wa kumi na moja nataka kujaribu marathon ya Kampala, ile nzima.

Sasa shida yangu ni saa. Mkononi nina Casio ile ndogo ya plastiki F-91W, kila mtu anaijua, inanihesabia dakika na hainidai chaji. Lakini wenzangu wote wana saa za GPS na kila Jumatatu ofisini ni kuonyeshana ramani za Strava (ile programu ya kurekodi mbio), mara kilomita, mara VO2max (oksijeni nyingi kabisa mwili unayoweza kutumia), mpaka mtu unajiona kama Jumapili ulilala tu nyumbani. Nimejikusanyia laki nane na siwezi kuongeza maana hela ya mlima yenyewe bado sijamaliza kulipa.

Naomba kujua, kwa bei hio napata saa ya kufanya kazi zote mbili ama ninunue ya barabarani nisahau mlima? Kuna mtu ananiambia lazima iwe na kipima hewa ndani ndio ijue mwinuko, mwingine anasema hayo maneno ya wauzaji, GPS inajua kila kitu. Alafu hii ya mapigo ya moyo, niliazima saa ya jirani, nikianza tu kukimbia polepole inasema 178 na mimi naongea vizuri bila kuhema, sasa hio ni saa ama mimi ndio mgonjwa? Nisaidieni kabla sijaenda mjini kuliwa.

---

KijanaWaNaguru:

Bosi nunua viatu. Laki nane unapata viatu vya maana na hela ya rolex (ile ya chapati na mayai) inabaki. Hiki kilima chetu cha Naguru sijaona saa inayompandisha mtu 😂

---

Chelimo_Sipi:

Kijana wa Naguru wacha kumcheka mwenzako, ameuliza vizuri. Mimi niko huku Kapchorwa. Ukisimama barabarani asubuhi saa kumi na mbili utaona vikundi vinapita, na ukiangalia mikono yao si wote wana saa, pengine wawili watatu kwenye kundi zima, wengine wanamfuata tu yule anayeshika mwendo na wanajua kwa pumzi zao kama leo ni nyepesi ama ni siku ya kuteseka. Lakini wale wenye saa wanazitumia kweli, si za kupigia picha.

Kitu cha kwanza, kiwanjani usiiamini GPS. Kiwanja ni mita 400 na kona zake ni kali, saa inachukua nukta zako kisha inaziunganisha, kwenye kona mara ikate ndani mara itoke nje, ukimaliza mizunguko kumi inakuambia umekimbia zaidi ya kilomita nne. Bonyeza kitufe cha lapu mwenyewe kila ukipita mstari, basi, na kwa hilo hata Casio yako inaweza kusaidia. Saa nyingi mpya za Garmin na Coros zina mpangilio wa kiwanja, unaiambia uko leni ya kwanza inajirekebisha, hapo ni sawa. Na mnaopenda kumtaja Cheptegei, mkimbiaji wetu, kila mkinunua kifaa, ile rekodi yake ya mita 10,000 pale Valencia Oktoba 2020, 26:11.00, ukigawa kwa mizunguko 25 ni kama sekunde 62.8 kila mzunguko, na siku ile mwendo ulikuwa unaonyeshwa na taa zinazokimbia pembeni ya kiwanja. Hakuna aliyekuwa anaangalia mkono.

Barabarani angalia wastani wa kilomita unayokimbia, usiangalie kasi ya sasa hivi maana hio inaruka, ukipita chini ya miti mikubwa ama katikati ya maghorofa inakuambia 4:10 mara 5:40 na wewe hujabadilisha hata hatua. Alafu Kampala mwezi wa kumi na moja, nakuambia mapema, saa yako itasoma kilomita 42 na mita mia nne ama zaidi, usije hapa kulia kama wale wa kila mwaka eti waandaaji wamepima vibaya. Njia ya mbio inapimwa kwa mstari mfupi kuliko yote, unaokata kona karibu sentimita 30 tu kutoka ukingoni. Wewe unakimbia ukikwepa watu, unavuka barabara kufuata maji, na GPS nayo inaongeza yake. Ukipanga mwendo kwa saa peke yake, saa itasema umemaliza na utepe bado hata huuoni. Fuata vibao vya kilomita na uangalie muda.

VO2max ni makadirio, saa inalinganisha kasi yako na mapigo. Ukitoka Entebbe ukaja huku kwetu juu itashuka na utadhani umezeeka wiki moja, kumbe ni hewa tu. Wapelekee hio wenzako wa Jumatatu.

Kama ni barabara peke yake, Garmin Forerunner 55 inatosha kabisa, betri ya GPS kama saa 20. Ila haina kipima hewa. Mambo ya mlima waulize watu wa Kasese, wanaokaa chini ya Rwenzori.

---

GambutiZaKilembe:

Watu wa Kasese tupo.

Ndugu wa Entebbe karibu. Mimi nabeba na kuongoza huku, nimeona saa za kila aina zikipanda na nyingine zikishuka zimezima. Kwanza elewa utakuwa na mwongozaji, ni sheria ya hifadhi, hakuna anayepanda peke yake, kwahio ile hesabu ya kwamba saa ndio itanionyesha njia itoe kwenye bajeti. Mlimani saa inakufaa kujua muda, umefika wapi kwa mwinuko, na usiku kuangalia bila kuwasha tochi. Mengine ni mapambo.

Sasa hio habari ya kipima hewa. Si maneno ya wauzaji. GPS inajua mwinuko lakini kwa makosa makubwa kuliko inavyojua njia, kwa sababu setilaiti zote ziko juu yako, hakuna hata moja chini ya miguu yako, kwahio hesabu ya juu na chini inakuwa dhaifu. Na huku kwenye msitu wa chini ule wenye mianzi, na baadaye kwenye mabonde yenye kuta za mawe pande zote, alama zinagonga jiwe kwanza ndio zinakufikia, saa inachanganyikiwa. Nimeshawahi kuona mgeni amekaa anakula na saa inaendelea kumhesabia kilomita.

Kipima hewa chenyewe kinapima presha, hewa ikipungua kinasema umepanda. Pale Margherita, mita 5,109, presha ni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya baharini, kwahio tofauti ni kubwa na saa inaiona vizuri, hata ngazi chache. Ubaya wake hewa inabadilika hata wewe umekaa. Huku ikweta presha inapanda na kushuka mara mbili kila siku, iko juu karibu saa nne, asubuhi na usiku, inashuka chini karibu saa kumi, alasiri na alfajiri. Mgeni anafika kambini asubuhi, anakunywa chai, anakaa hapo hapo kwenye benchi, jioni saa inamwambia amepanda mita ishirini thelathini na hajaenda hata chooni. Wengine wanakasirika wanasema saa ni feki. Si feki, irekebishe kila ukifika mahali panapojulikana mwinuko wake, muulize mwongozaji atakuambia. Wewe unaanza vizuri maana uko Entebbe, ziwa liko karibu mita 1,134, teremka pale ukingoni siku ya safari uiwekee hio namba.

Baridi ndio inaua saa huku. Usiku wa kwenda kileleni tunaondoka kambi ya mwisho saa nane, saa tisa za usiku, juu kule ni chini ya sifuri, na betri hizi za lithiamu haziipendi kabisa baridi hio, unaona asilimia 40 alafu kioo kinakuwa cheusi. Ivae ndani chini ya jaketi igusane na ngozi, usiifunge juu ya jaketi eti uione vizuri kwenye picha. Ukilala lala nayo ndani ya begi la kulalia, wewe na pawabanki yako pamoja. Safari nzima ni kama wiki, kila siku masaa sita mpaka nane ya kutembea, hakuna saa ya bei yako itakayorekodi yote bila kuchajiwa.

Na usinunue ya skrini ya kugusa tupu. Mvua ya huku inagusa skrini kabla yako. Ukiwa na glovu zenye tope unahitaji kitufe cha kusukuma na kidole gumba. Wale wenye saa za jua pia nawaonea huruma, Garmin wenyewe wanasema Instinct 2 Solar inahitaji masaa matatu kwa siku ya jua la laksi 50,000 (kipimo cha mwanga) ndio isiishe chaji, sasa Rwenzori na mawingu haya jua hilo utalitoa wapi.

Neno la mwisho, ile namba ya oksijeni. Kule juu hata mtu mzima wa afya inashuka chini ya 90, na mkono ukiwa wa baridi saa inabahatisha tu. Kichwa kikikuuma sana, ukitapika, ukianza kuyumba kama umekunywa waragi, mwambie mwongozaji mteremke, hata kama saa inasema 95 na uko sawa.

---

KasiaLaJinja:

Kaka wa Entebbe, hio 178 si ugonjwa (ingawa ukisikia kizunguzungu ama kifua kinabana nenda kapimwe, mimi si daktari). Ile taa ya kijani nyuma ya saa inamulika ngozi na kuangalia damu ikipita. Mkono ukitikisika, saa inashika mtikisiko wa hatua zako badala ya moyo, na mtu akikimbia polepole hatua zake ni 165, 170, 178 kwa dakika, ndio namba uliyoiona! Tena melanini inanyonya mwanga wa kijani, kwahio sisi wenye ngozi nyeusi alama inayorudi inakuwa ndogo, saa ikilegea kidogo tu imekwisha. Ipandishe juu ya ule mfupa wa kifundo kama vidole viwili, ikaze wakati wa mbio alafu ilegeze ukimaliza, na upashe mwili joto kwanza, baridi ya asubuhi inaficha damu.

Mimi naendesha kayaki huku kwenye Nile na baiskeli wikendi, na kwenye kayaki usomaji wa mkononi ni bure kabisa maana kila ukivuta kasia misuli ya mkono inabana. Natumia kamba ya kifuani. Ile inasoma umeme wa moyo wenyewe, haijali rangi wala mtikisiko, ila uiloweshe zile sehemu mbili za kugusa kabla ya kuvaa, ikiwa kavu nayo inaanza kusema maajabu mpaka utoke jasho. Wafini ndio walianza mambo haya, Polar walitoa ya kwanza isiyo na waya kwa wanamichezo 1982, na mpaka leo kifua kinaushinda mkono.

Nakubaliana na mzee wa Kilembe kuhusu vifungo, maji ya mto ni yale yale, skrini ya kugusa ikilowa inajifungulia kurasa yenyewe. Pia ukiona imeandikwa 5 ATM usidhani unaweza kuzama nayo mita 50, hio ni presha ya maji yaliyotulia maabara, maporomoko ni habari nyingine, na usibonyeze vifungo chini ya maji. Mimi saa yangu nimeifungia kijikamba kwenye jaketi la kuokolea kwa sababu zile pini mbili ndogo za mkanda ndio kitu pekee kati ya laki zako na kina cha mto.

---

Chelimo_Sipi:

Dada wa Jinja kwa kayaki sawa, lakini kwa mkimbiaji anayeanza mimi bado nasema hela ya kamba ya kifuani ni mapema. Kama unaweza kusema sentensi nzima mwendo ni mwepesi, kama ni maneno matatu matatu ni wa kati, kama huwezi kujibu salamu ya mtu basi uko kwenye spidi. Hio haihitaji chaji. Na hizo kanda za mapigo ambazo saa inakuonyesha zinatoka kwenye hesabu ya 220 toa umri, ambayo kwa mtu mmoja mmoja inaweza kukosea hata mapigo kumi na zaidi.

---

KasiaLaJinja:

Sawa kocha, lakini mlimani utaongea na nani wakati wote mnahema? 😄 Pale mtu anapojikaza kwenda na kundi ndipo namba inamwambia punguza.

---

GambutiZaKilembe:

Mlimani unaongea na mimi. Nikikuuliza jina la mtoto wako na unachelewa kujibu, tunapumzika.

---

FundiWaPlaza:

Nauza na kutengeneza saa na simu hapa mjini kwahio niacheni niseme upande wa hela, maana ndiko swali lilikotoka.

Bei ya mtandaoni usiizidishe tu kwa kiwango cha dola. Forerunner 55 ilitoka 2021 kwa dola 199.99, Coros Pace 3 ilitoka 2023 kwa 229, lakini hapo ongeza usafiri, kodi ya URA (mamlaka ya mapato), na faida ya aliyeileta. Pace 3 ndio ingekufaa sana, ina kipima hewa na betri ya GPS ya masaa 38, ila mpya laki nane yako haitafika. Iliyotumika ndio njia yako. Tafuta Coros Pace 2, ina kipima hewa, masaa 30 ya GPS na nyepesi mpaka unasahau umeivaa. Au Garmin Instinct ile ya kwanza ya 2018, sura mbaya kama redio ya askari lakini vifungo vitano, hakuna kugusa, kipima hewa na dira ndani, 10 ATM. GPS yake masaa 16, kwa marathon na siku moja ya mlima ni nyingi tu.

Ukifika kwa muuzaji yeyote, hata mimi, usilipe kabla ya haya. Zima simu yako kabisa kabisa alafu utoke nje na saa peke yake, usimame mahali pa wazi usubiri ishike setilaiti, tembea mpaka kona na kurudi. Feki nyingi zimeandikwa GPS lakini zinaibia simu, simu ikizimwa hazina njia. Ukirudi ndani panda ngazi. Nasema kweli, fungua ukurasa wa mwinuko, simama chini, panda mpaka ghorofa ya nne polepole, kila ghorofa ni kama mita tatu na kitu, kipima hewa kizima kitapanda nawe hatua kwa hatua, kibovu ama cha uongo kitakaa pale pale ama kitaruka mita hamsini. Vitundu vidogo pembeni ya saa vikiziba jasho na vumbi ndio inakuwa hivyo, wakati mwingine maji ya vuguvugu yanatosha, lakini hio iwe hoja ya kupunguziwa bei.

Namba iliyoandikwa nyuma ifanane na ile ya ndani kwenye mipangilio. Hakikisha mwenye zamani ameitoa kwenye akaunti yake mbele yako na wewe umeiunganisha na simu yako palepale, usikubali "utaunganisha ukifika nyumbani". Na uondoke na kebo, kila kampuni ina yake, ya Garmin haiingii Coros, na kebo moja ya kutafuta mjini inaweza kukuzungusha siku nzima.

---

MiguuYaEntebbe:

Jamani asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mzee wa Kilembe nimecheka hio ya chooni. Dada wa Jinja nimepumua, nilishaanza kufikiria ECG (kipimo cha moyo cha hospitali).

Leo mchana nimepita mjini nikaona Instinct, ile ya kwanza, mtu anataka laki tano na nusu. Simu nimezima, nimesimama nje kwenye maegesho, imeshika setilaiti baada ya kama dakika mbili. Ngazi nimepanda na askari wa getini ananiangalia kama mwizi, imesoma kupanda mita 13 hadi ghorofa ya nne, nikashuka ikarudi ikabaki tofauti ya mita moja. Namba zinafanana. Kioo kina mkwaruzo mmoja pembeni na kebo hana, anasema "utapata tu". Nimemwambia narudi kesho. Nichukue? Na ile ramani ya njia, jamaa mmoja wa kazini anasema ana faili la GPX (njia iliyorekodiwa) la Kilembe, hii saa inaweza kuonyesha?

---

FundiWaPlaza:

Mita 13 kwa ghorofa nne ni sawa kabisa. Mwambie laki tano bila kebo, na usilipe kabla hajaitoa kwenye akaunti yake. Mkwaruzo wa pembeni wacha. Kebo nitafute hapa kwa ujumbe wa ndani, ninazo za kawaida si za kampuni, zinachaji vizuri tu.

GPX inaingia kupitia programu ya simu lakini utaona mstari tu juu ya kioo cheusi na cheupe, hakuna ramani yenyewe, hakuna mito wala majina.

---

GambutiZaKilembe:

Chukua. Huo mstari utakufaa kuangalia jioni umetoka wapi. Tope likikauka kwenye zile pini nne za kuchajia nyuma lioshe na maji ukaushe kabla hujachomeka kebo, usichomeke zikiwa zimelowa.

Na hela iliyobaki kabla hujaipeleka kwenye kamba ya kifuani, mguu wako ni saizi gani? Gambuti za kukodi zipo ila mwezi wa saba wageni ni wengi, saizi kubwa zinaisha mapema. Kama ni 45 kwenda juu nunua zako huko huko Entebbe, uzitembelee kidogo nyumbani na soksi nene mbili, majirani waseme wanachosema.

---

KijanaWaNaguru:

Si nilisema viatu?